Jarida la Sheria la Afande Gidudu

Kila jioni Afande Gidudu, askari jela wa pale Mbale, akitoka kazini anavua viatu, anakunywa chai, kisha anaita, "Wakili wangu yuko wapi?"

Wakili mwenyewe ni Eseza, binti wa jirani. Mwaka huo wa 1995 Katiba mpya ilikuwa imetoka, na Afande alikuwa ameazima jarida la sheria kwa rafiki yake wa Jinja, apate kujua mahabusu wana haki gani. Lakini Kiingereza cha mle, weee, kigumu kama mfupa! Eseza anasoma, anamweleza kwa Kiswahili.

Nambozo, binti yake Afande, anaosha vikombe huku moyo unamchoma. Baba ni wangu, wakili awe wa watu? Wivu, bwana, haupigi hodi.

Siku moja shuleni waligawiwa madaftari mapya, na kila mtoto akatafuta karatasi ya kuyafunika. Nambozo akang'oa kurasa nne za jarida, akafunikia daftari lake, akaona raha.

Jioni Eseza akafungua jarida. "Afande, kurasa nyingine hazipo."

"Hazipo? Si wewe unayelishika?"

"Afande, mimi si..."

"Nyamaza! Nenda kwenu, usirudi hapa!"

Eseza akatoka analia. Afande akageuka. "Nambozo, njoo usome wewe."

Kiti kile alikitamani siku nyingi. Akakaa, akasoma mistari mitatu, akaishia hapo.

"Wanasemaje?"

"Wanasema... mtu asihukumiwe kabla hajasikilizwa."

Afande akaweka kikombe chini polepole. "Lo! Na mimi nimefanya nini sasa hivi?"

Nambozo akaanza kulia. "Baba, ni mimi niliyezichana kurasa. Yeye unamwita wakili, mimi huniiti kitu."

Afande hakupiga kelele. Alivaa viatu bila soksi, akamshika mkono mpaka kwa kina Eseza.

"Eseza mwanangu, nisamehe. Nilikufunga mdomo kabla hujasema."

"Na kurasa nilizichana mimi," Nambozo akasema, macho chini. "Nisamehe."

Eseza akafuta machozi. "Wewe naye! Ungesema tu unataka kusoma. Kiingereza kile kimenichosha mpaka kichwa kinauma!"

Wakazibandua kurasa kwenye daftari, wakazirudisha jaridani kwa gundi. Ijumaa Nambozo alikwenda Jinja na baba yake, akamwomba msamaha mwenye jarida kwa kinywa chake mwenyewe.

Njiani kurudi, Afande akamwambia, "Mapenzi ya baba si kiti kimoja, kwamba mwenzako akikaa wewe usimame. Ukitaka kitu, kiseme. Na ukikosea, jitaje mapema, mwingine asibebe kosa lako."