Kadi Aliyonichukulia Pacha

Mkono wa rafiki yangu ulikuwa mgongoni mwangu, ukinipapasa taratibu, wakati mwenyekiti wa kamati ya mitihani akisoma barua ya kunifukuza chuo.

"Masomo manne kati ya matano... umeanguka."

"Pole pacha wangu," akaninong'oneza. "Usilie mbele yao."

Jamani, someni hadi mwisho. Mkono ule bado nausikia mgongoni hadi leo.

Nirudi nyuma kidogo.

Mwaka wa pili niliugua, nikaanguka masomo mawili, nikawekwa chini ya uangalizi. Maana yake ni moja tu: muhula mmoja ukiharibika tena, unafungasha.

Kila Ijumaa saa nne ilikuwa lazima nifike kwa mshauri wangu wa masomo. Tulimwita Kifungu, maana ukifungua mdomo tu anakutajia kifungu cha sheria za chuo. Ofisi yake imejaa mafaili hadi dirisha limezibwa nusu. Kiti cha mgeni kina mguu mmoja mfupi, ukikaa kinayumba.

"Umehudhuria vipindi vyote?"

"Vyote, Daktari."

"Daftari linasema kimoja hukuwepo."

"Kichwa kilikuwa kinauma..."

"Cheti cha hospitali kiko wapi?"

Sitawaficha, nilimchukia yule mzee.

Faraja yangu ilikuwa Pacha. Tulikaa chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza, ndoo moja, pasi moja, hadi darasa zima likatubandika jina hilo. Nikitoka kwa Kifungu nalia, yeye ananipokea na chai.

"Huyo anakutafuta," akaniambia siku moja. "Omba ubadilishiwe mshauri."

"Nitaandika nini sasa?"

"Shika kalamu, nikutajie. Na iwe kwa mkono, waone uchungu wako."

Nikaandika kila alichotaja. Kwamba Kifungu ananitisha. Kwamba ameapa sitamaliza chuo.

"Lakini hajawahi kuapa, Pacha."

"Si ndivyo unavyojisikia?"

Nikasaini.

Barua ya aina hiyo lazima ipitie kwa mshauri mwenyewe, ndiyo sheria. Nikaisukuma chini ya mlango wake nikatoka mbio. Ijumaa iliyofuata nilikwenda. Akaniuliza vipindi, akaandika, akafunga faili. Kuhusu barua, hakusema neno.

Mitihani ikakaribia. Sisi hatuandiki majina kwenye vijitabu vya majibu, tunaandika namba. Namba ni mpya kila muhula, imechapwa kwenye kadi isiyo na jina, na orodha ya namba ya nani ni ipi inafungiwa ofisi ya mitihani. Kifungu alinikumbusha mara tatu.

"Kadi yako kaichukue mwenyewe. Hata mama yako mzazi asikuchukulie."

Siku yenyewe foleni ilizunguka jengo zima.

"We nenda kasome," Pacha akasema. "Nipe kitambulisho, nakuchukulia. Karani mwenyewe ameshachoka, hatazami hata sura."

Nikampa! Jioni akaniletea kadi. Namba 482.

Nyie, mitihani ile niliifanya vizuri. Nilitoka kila chumba natabasamu. Nikampigia mama, ambaye ni fundi cherehani.

"Mama, safari hii nimeiweza!"

"Najua, mwanangu. Gauni la mahafali nimeshalikata. Nimebakiza pindo tu, nikupime."

Wiki sita baadaye matokeo yakabandikwa. Nimeanguka manne. Pacha amefaulu yote, na wawili kati ya walimu wakamsifu darasani. Alilia kuliko mimi.

"Usikate rufaa, utajiaibisha," akanisihi. "Kaanze chuo kingine."

Nilikuwa nakunja shuka simu ilipoita. Kifungu.

"Nimewasilisha rufaa kwa niaba yako. Kesho saa tatu. Unaruhusiwa mtu mmoja wa kukusindikiza."

Nikajua analipiza ile barua, anataka kunimaliza mbele ya watu.

"Nitakuja na wewe," Pacha akasema haraka sana. "Sitakuacha peke yako."

Ndipo hapo mliponikuta mwanzo. Barua ya kufukuzwa imeshasomwa, mkono uko mgongoni. Kifungu akasimama na faili langu, akachomoa karatasi.

Barua yangu!

"Mwenyekiti, naomba hii isomwe."

Mwenyekiti akaipitia kimyakimya, akavua miwani.

"Daktari, humu umetuhumiwa wewe. Ikisomwa kwenye kikao, itabidi uchunguzwe."

"Najua. Isomeni."

Ikasomwa yote. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Uliandika wewe?" mwenyekiti akaniuliza.

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Kifungu akaweka kijitabu cha majibu kando ya barua.

"Hiki kina namba iliyosajiliwa kwa jina lake. Naomba muulinganishe mwandiko."

Nikachungulia. Kwenye barua, herufi zangu ndogo zimelala upande. Kwenye kijitabu, herufi kubwa za mviringo, na juu ya kila i kuna kiduara badala ya nukta.

Mwandiko ule niliujua. Ndio uliokuwa unaniachia vikaratasi kwenye chupa ya chai.

Mkono ukatoka mgongoni mwangu.

"Namba yako ya mtihani ilikuwa ngapi?"

"482."

Mwenyekiti akapitisha kidole kwenye orodha, akasimama mahali, akainua macho. Hakunitazama mimi.

"482 ni ya huyu aliyekusindikiza."

Pacha alinipa kadi yake, akabaki na yangu. Majibu yangu yote yalikuwa yameenda kwake.

Hakukataa.

"Na mimi nilikuwa chini ya uangalizi," akasema. "Mwaka mzima. Barua ya uangalizi iko chini ya godoro. Wewe una mtu wa kukufuatilia kila Ijumaa, mimi mshauri wangu hata jina langu halijui!"

"Na ile barua ya kumlalamikia Kifungu, ulinitajia ya nini?"

"Akuache. Ni yeye tu angeshtuka ukianguka."

Vijitabu vya zamani huchomwa, na fomu zote tunajaza kwenye kompyuta; bila barua ile, kamati isingekuwa na ukurasa hata mmoja wa mwandiko wangu wa kulinganisha. Aliitunga yeye mwenyewe, neno kwa neno.

Nikarudishiwa alama zangu, Pacha naye zake. Nikapewa na onyo la maandishi kwa kutoa kadi, na aliyekitaja kifungu hicho ni Kifungu mwenyewe. Hata siku ile hakuniachia!

Nikamkimbilia kwenye korido.

"Daktari, naomba barua ile nikaichane."

"Karatasi ikiingia kwenye faili haitoki."

"Basi nitaiambia kamati kwamba ni uongo!"

Akaliweka faili kwapani.

"Kabla hujasema, kasome kifungu cha thelathini na moja."

Nimekisoma. Mwanafunzi akithibitika kumsingizia mwalimu kwa maandishi, anafukuzwa. Hakuna onyo, hakuna rufaa. Na nilishakiri mbele ya kamati nzima kwamba mwandiko ni wangu. Dhidi ya Kifungu hawana ushahidi mwingine wowote; nikinyamaza, ni yeye atakayeadhibiwa. Yeye alilijua hilo lote alipoitoa barua ile kwenye faili.

Wadogo zangu mlioko chuoni, kadi zenu kachukueni wenyewe, hata foleni iwe ndefu vipi. Na msisaini maneno ambayo mdomo wenu haukuyasema, hata kama anayewatajia amewapikia chai miaka mitatu.

Leo ni Ijumaa, siku ya Kifungu kuchunguzwa. Saa nne kasoro dakika tano. Naandika haya nikiwa kwenye benchi nje ya mlango wa kamati, na Kifungu ameshaingia ndani. Nimekuja na barua ya pili. Hii nimeitunga mwenyewe, na ina ukweli mtupu.

Wananiita.

Mama, ukisoma hapa, lile pindo liache kwanza.