Pole ya Msiba Usiokuwapo

Tulasa aliamka alfajiri, kama alivyozoea. Aliwasha taa ndogo ya samli mbele ya picha ya Mungu wake. Akataka kukutanisha viganja kifuani, lakini mkono wa kulia haukufika. Bandeji ilikuwa nene na kidole kilikuwa kinapwita. Basi aliomba kwa mkono mmoja.

"Nipokee hivihivi," alisema.

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu jana. Chumba chake kilikuwa juu ya paa la nyumba ya ghorofa tatu, katika mji wa viwanda usio mbali na Seoul. Ukifungua mlango unaona tangi la maji na kamba ya nguo, basi. Tulasa alikuwa mjane kutoka Nepali. Mwanawe alibaki kwa bibi yake. Huu ulikuwa mwaka wa pili wa Tulasa huku Korea, na siku ya nne bila kusema na mtu uso kwa uso.

Siku nne nyuma, mashine namba nne ilikuwa imembana kidole. Mashine hiyo hukandamiza bati na kutoa bakuli za wali. Ina taa ya usalama pembeni. Mkono ukikatiza mwanga wa ile taa, mashine husimama yenyewe. Lakini mwenye kiwanda, Bwana Maeng, alikuwa ameizima.

"Inasimamasimama ovyo," alisema siku ile alipoizima. "Kazi haiendi."

Tulasa alipoumia, Bwana Maeng alimpeleka kwenye kliniki ndogo mjini. Maswali yote ya kliniki aliyajibu yeye. Walipotoka alimnunulia maziwa ya ndizi, akamfungulia na mrija. Kisha akatoa karatasi.

"Tulasa, hapa imeandikwa umejikata nyumbani ukipika. Tia sahihi tu. Nitakutibia mimi mwenyewe, usiwe na wasiwasi. Ukisema ni kiwandani, watakuja watu wa serikali. Wakifunga kiwanda, nyote mnarudi kwenu. Niletee Jumatatu."

Leo ilikuwa Jumamosi. Tulasa alitakiwa abadilishiwe bandeji, na kliniki ingefungwa saa saba mchana. Alipokuwa anavaa viatu, simu ililia. Alikuwa Nuwan, kijana wa Sri Lanka anayefanya naye kazi kiwandani.

"Dada Tulasa, leo usipite mjini. Wakorea wana maandamano makubwa. Wafanyakazi wametoka kila mkoa."

"Wanataka nini tena? Wako kwao, lugha ni yao."

"Nani anajua! Yule Mvietnamu wa mashine namba mbili anasema kwa Wakorea ni kama pikniki. Wanabeba mikeka na chakula kilichofungashwa. Lakini mgeni akionekana pale, dada, kamera moja tu, viza imekwisha. Wewe utakuwa unapungiwa mkono uwanja wa ndege."

Nuwan alicheka. Tulasa hakucheka. Alivaa barakoa, akapanda basi.

Basi halikufika. Dereva alisimama kabla ya barabara kuu, akafungua milango.

"Mwisho hapa. Mbele kumefungwa."

Tulasa alishuka, akaona watu. Walikuwa maelfu, wamekaa chini katikati ya barabara, mstari nyuma ya mstari. Vichwani walifunga vitambaa vyekundu. Ngoma zilipigwa. Mtu mmoja alisema neno kwenye kipaza sauti, na ngumi zote zikapanda juu pamoja. Pembeni walisimama polisi. Mmoja wao alikuwa anapiga miayo, lakini Tulasa hakumtazama usoni. Aliona ngao yake tu.

Kwao, alipokuwa msichana, umati ulipokutana na polisi, maduka yalifungwa. Moshi uliwasha macho. Wapo waliotoka asubuhi hiyo na hawakurudi.

Kliniki ilikuwa ng'ambo ya barabara. Aliliona bango lake. Mama mmoja mwenye kizibao cha rangi ya waridi alimwona amesimama, akampungia mkono.

"Pita! Pita hapa!"

Tulasa alidhani anaitwa ajiunge nao. Aligeuka akaondoka mbio. Alitembea kwa miguu saa nzima hadi nyumbani, na bandeji ikabaki ileile.

Jumapili asubuhi kidole kilikuwa kimevimba, na wekundu ulikuwa umeshuka hadi kwenye kiganja. Alimeza kidonge cha maumivu, akashuka kutupa taka. Mlangoni mwa ghorofa ya chini alikutana na jirani yake.

Jirani huyo aliitwa Pyo Geumja. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mpishi katika jiko la shule. Kwa mwaka mzima walikuwa wanasalimiana hivi: "Umekula?" "Nimekula." Zaidi ya hapo Tulasa alijua jambo moja tu. Geumja alikuwa na mama mzee sana, anayetunzwa katika nyumba ya wazee.

Leo Geumja alikuwa amenyolewa kipara. Kichwa kilikuwa cheupe, kinang'aa. Alisalimia kwa kutikisa kichwa hicho, akaingia ndani.

Tulasa alibaki na mfuko wa taka mkononi. Kwao, mzazi akifa, watoto wa kiume hunyoa nywele. Mumewe alipofariki, mwanawe alikuwa na miaka tisa. Walimnyoa, wakamvika nyeupe, akala chakula kisicho na chumvi siku kumi na tatu. Labda kwa hawa hata mabinti hunyoa, aliwaza. Mama yake ameondoka, na yuko peke yake humo ndani.

Alikumbuka majirani waliokuja kukaa naye wakati ule. Hawakusema kitu. Walikaa tu, na hiyo ilimtosha. Basi alipanda juu, akajifunika shali nyeupe na kuficha mkono mbovu chini yake. Akachukua ndizi na matofaa. Akagonga mlango, akaingia, akaweka matunda sakafuni. Akakaa chini karibu na viatu.

Geumja alimtazama. Akayatazama matunda.

"Binti, kuna nini? Unaumwa?"

"Pole, shangazi. Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Ya mama."

"Mama yangu? Mama yangu amenipigia sasa hivi, ananigombeza. Soksi nilizompelekea zinambana."

Tulasa alionyesha kichwa cha Geumja kwa kidole. Geumja alijishika kipara. Akaangua kicheko. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akainama, akakohoa muda mrefu.

"Kwetu mtu akinyoa hivyo amezika," Tulasa alisema kwa aibu.

Geumja aliacha kucheka. Alijipangusa macho.

"Huku, mtu akinyolewa mbele ya watu, ujue amesema mpaka maneno yamemwishia. Jana tulinyolewa wapishi watano, katikati ya umati. Jikoni kwetu tunakaanga kuku na samaki wa watoto mia nane. Feni ya kuvuta moshi imekufa siku nyingi. Mwenzangu mmoja mapafu yake yameharibika. Tumeandika barua, tukaandika tena. Basi tukatoa nywele."

"Hukulia, shangazi?"

"Nililia sana. Nilikuwa na nywele nzuri mimi, usinione hivi."

"Jana, pale barabarani? Nilikuwepo. Nilikimbia."

"Ulikimbia nini?"

"Watu. Polisi. Nilikuwa nakwenda kliniki."

"Hoo! Ungepita katikati. Tungekupisha! Maandamano yale yalikuwa yameandikishwa kabla. Polisi walikuwa wanaongoza magari tu. Sisi tulikuja na wali wa kuvingirisha na mwani, tulipomaliza tukafagia barabara. Sasa kliniki ya nini? Hebu nione."

Tulasa alitoa mkono chini ya shali. Geumja alivuta pumzi.

"Mama yangu wee! Nani kakufanya hivi?"

Tulasa aliinuka. Alipanda juu, akarudi na karatasi ya Bwana Maeng. Geumja alivaa miwani akasoma kwa sauti.

"Nimejikata kwa kisu nikipika nyumbani. Kweli umejikata?"

"Hapana."

"Kisu gani hiki kinaponda mfupa?" Geumja aliikunja karatasi taratibu. "Sikiliza, mwanangu. Kuna bima ya ajali kazini. Mwenye kiwanda analazimika kuwa nayo. Haiulizi umetoka nchi gani. Hata asiye na viza akiumia kazini, inamhusu. Inalipa matibabu. Inalipa sehemu ya mshahara siku ambazo huwezi kufanya kazi. Kidole kikibaki na kilema, ina fidia yake. Ukitia sahihi hapa, vyote hivyo vitakuwa vigumu kupata. Utategemea huruma ya bosi. Ikiisha huruma?"

"Lakini muhuri wa kiwanda anao yeye."

"Hauhitajiki. Aliyeumia anaandika maombi mwenyewe. Daktari anaandika yake."

"Na viza yangu?"

"Kuomba matibabu si kosa. Hata chama cha wafanyakazi, sheria inamruhusu mgeni ajiunge. Wanachokatazwa wageni ni siasa, mambo ya vyama na kura. Huko usiende. Kidole chako si siasa."

"Shangazi, umeyajuaje haya?"

Geumja alipandisha mkono wa nguo. Kovu refu lilitoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Mafuta ya kukaangia, haya. Lakini kwenye karatasi imeandikwa nilimwagikiwa na chai nyumbani. Nilitia sahihi. Mkuu wetu wa jiko alikuwa ameniletea mapeasi, kasha zima." Alishusha nguo. "Vaa viatu. Hospitali kubwa haifungi Jumapili."

Hospitalini daktari kijana alifungua bandeji. Alikunja uso.

"Kimeanza kuoza pembeni. Mngechelewa siku mbili, tungekikata. Umeumia wapi?"

Geumja alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akamwachia Tulasa ajibu.

Tulasa alijiona yuko peke yake kabisa kwenye kile kiti. Akilini alimwona Nuwan na sanduku lake uwanja wa ndege. Aliona kiwanda kimefungwa kwa mnyororo. Akamwona mwanawe akiuliza, mbona umerudi? Aliomba kimoyomoyo, ombi fupi lisilo na maneno mengi.

"Kiwandani," alisema. "Mashine namba nne. Taa ya usalama ilikuwa imezimwa."

Daktari aliandika.

Jumatatu Tulasa alimrudishia Bwana Maeng karatasi yake. Mahali pa sahihi palikuwa patupu.

"Nani amekufundisha?" bosi alifoka. "Wale wapiga kelele wa barabarani?"

"Daktari aliuliza nikamjibu, bosi."

"Mimi nilikununulia maziwa! Nilikutendea kama ndugu!"

"Kweli, bosi, na ninashukuru. Lakini sikujikata na kisu."

Alirudi chumbani. Kesho yake Geumja alimsindikiza kituo cha ushauri cha wafanyakazi wa kigeni. Mkalimani wa Kinepali alimsomea fomu mstari kwa mstari, na Tulasa akaijaza kwa mkono wa kushoto. Herufi zilikwenda upande, lakini zilisomeka.

Kisha zikaja wiki mbaya. Alipasuliwa kidole, akakaa hospitali, akarudi kwenye paa. Kiwandani hakuna aliyempigia. Alimpigia Nuwan, simu ikakatwa. Mvietnamu wa mashine namba mbili alikutana naye sokoni, akageukia samaki kama hamjui. Geumja alikuwa amerudi jikoni shuleni, akitoka asubuhi na kurudi amechoka. Siku nyingine Tulasa alikuta chungu cha mchuzi wa mwani mlangoni, hata mlango haukugongwa. Aliunywa peke yake, akisikiliza nguo za majirani zikipigwa na upepo. Mara nyingi alijiuliza kama amewaponza wenzake. Alimwachia Mungu, lakini usingizi haukuja upesi.

Jibu lilikuja katika mwezi wa pili wa kungoja. Maombi yalikuwa yamekubaliwa. Matibabu yalilipwa, na sehemu ya mshahara ikaingia. Wakaguzi walifika kiwandani. Hawakufunga chochote. Walimwandikia Bwana Maeng awashe taa za usalama kwenye mashine zote, na wangerudi kuangalia. Kidole kilibaki. Hakikunjiki chote, lakini kinashika kijiko.

Jumapili moja simu ililia. Alikuwa Nuwan.

"Dada Tulasa," alisema kwa sauti ndogo. "Taa zinawaka. Juzi mashine ilisimama, mkono wangu ukiwa ndani."

"Mungu ashukuriwe."

"Nilikukatia simu. Niliogopa."

"Najua. Na mimi niliogopa, nikakimbia barabara nzima ya watu waliokaa chini wanakula."

Nuwan alicheka kidogo.

"Dada, mgongo wangu. Niliangukiwa na shehena ya bati mwaka jana. Nilitia sahihi kwamba nilianguka bafuni. Nimeshachelewa?"

"Waliniambia muda wa kuomba ni miaka mitatu. Sahihi ni tatizo, sikudanganyi, lakini nani alikuona ukiangukiwa?"

"Mvietnamu. Yupo hapa, anasikiliza. Anaona haya kusema."

"Mwambie nina wali na dengu za kutosha watu watatu. Njooni wote, nitamwita na shangazi wa chini. Pandeni ngazi mpaka ziishe. Huku juu kuna mlango mmoja tu, na nimeshaufungua."