Mstari Alioufuta Tahiya

Jamaa zangu, nyumba ya Tahiya pale Malindi, Unguja mjini, ilikuwa shwari alasiri ile. Mumewe, Himid, akimenya shelisheli. Tahiya mwenyewe, daktari, akimalizia ikisiri, yale maneno machache yanayotangulia utafiti na kuueleza wote kwa ufupi. Marhamu yake mpya, dawa ya kupaka, ilikuwa imewaponya majeraha ya miguu wakulima wa mwani. Wenye sukari tu ndio vidonda vyao vilizidi kuchimbika.

"Nilitaje hili la sukari?" akauliza.

"Litaje, uone nani atakualika mkutano wa madaktari! Sisi tukenda kuposa, twasema bwana harusi ana pumu?"

"Mshenga muongo we!" Tahiya akacheka, akaufuta mstari. Alijiambia, habari hiyo imo ndani; mwenye kutaka ataikuta.

Akaalikwa kweli, akapigiwa makofi, na utafiti ukachapwa jaridani. Na nani katika sisi hapendi kusifiwa?

Mamake, Bi Mwanakheri, alikuwa akilima mwani Bwejuu, na sukari anayo. Siku moja alichomwa mguu na kijiti cha shambani. Akaenda kituo cha afya, akapakwa marhamu. Alipoletwa mjini, mguu ulikuwa mweusi hadi kifundoni.

Tahiya akampigia simu tabibu wa kituo. "Ahmada! Mwenye sukari unampaka marhamu ile? Nani kakwambia?"

"Wewe, dada Tahiya."

"Mimi?"

"Ikisiri yako nnayo hapa. Utafiti wenyewe huku haufunguki mpaka ulipie, tunasoma hiyo tu. Umesema inaponya, na hukumtoa mtu."

Mguu ukakatwa. Bi Mwanakheri alipozindukana, mwanawe alikuwa kitandani pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ahmada usimgombeze, maskini. Mie ndiye niliyemhimiza. Kusikia dawa ya mwanangu, nikamwambia paka, tena paka sana."

Siku ile ile Tahiya aliwaandikia wenye jarida warekebishe ikisiri. Wakarekebisha. Walioisoma mwanzo hakuna ajuaye walipo.

MAFUNZO

Enyi mnaosoma mkatuandikia, ikisiri si posa. Semeni mlichotafuta, mlivyokitafuta na mlichokiona, na aliyedhurika mtajeni papo hapo juu. Wengi wetu hatufiki ndani. Tunaishia mlangoni, na tunayoyakuta hapo ndiyo tunayotibiwa nayo.