Chupa Ndani ya Sanduku la Tarumbeta

Kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza kuosha vyombo, Kengele alikaa kizingitini na kitambaa laini, akalisugua tarumbeta la baba yake mpaka aone meno yake mwenyewe kwenye shaba. Jina la Kengele alilipata kwa sababu ya sauti yake. Akimwita mama yake, jirani wa nyumba ya tatu huitika.

Asubuhi hiyo baiskeli ilisimama mbele yake. Akashuka mwanamke asiyemjua, mwenye kofia ngumu nyekundu na mkoba begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Hapa ndipo kwa mpiga tarumbeta?"

Kengele akaruka wima. Mteja!

"Ndipo hasa! Ni harusi au mahafali? Baba anapiga zote. Tena akishapata glasi zake mbili tatu, mama, tarumbeta linaimba lenyewe. Wageni hawakai chini!"

"Glasi za nini?"

Dirishani, nyuma ya cherehani, mama yake alikuwa amemtolea macho.

"Za... maji. Baba anapenda maji sana."

Mgeni akacheka mpaka kofia ikamshukia usoni. "Mimi sina harusi, mwanangu. Mimi ni afisa wa uangalizi. Nimetumwa na mahakama."

Kitambaa kikamponyoka Kengele.

Mwezi uliopita baba alikuwa ametoka harusini amelewa, akaendesha pikapu ya bendi moja kwa moja hadi ndani ya kibanda cha nyanya. Muuza nyanya alikuwa amekwenda kununua chai, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Lakini baba alitoka garini mwekundu kuanzia kichwani hadi viatuni, na watu wakapiga mayowe wakidhani ni damu. Hakimu hakumfunga. Aliamuru ahudhurie ushauri nasaha na matibabu ya uraibu wa pombe, chini ya afisa wa uangalizi.

Baba alitoka chumbani, akakaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. "Afisa, niambie ukweli. Huko watu wanafungiwa?"

"Mlango wa chooni tu ndio unaofungwa, na unaufunga mwenyewe." Afisa akavua kofia. "Kwanza daktari atakupima, maana aliyezoea pombe akiiacha ghafla anaweza kuugua. Kisha kila juma utazungumza na mshauri, ninyi wawili tu, na siku nyingine mtakaa kundi zima. Mara kwa mara mtapimwa mkojo. Hakuna wa kukufokea. Na siku ya familia, huyu meneja wako wa harusi atakaribishwa pia."

"Na akionekana amekunywa?" Kengele aliuliza.

Kabla hajajibiwa, mvua ilishuka kwa kishindo. Wote wakakimbilia nguo zilizoanikwa, afisa naye akiwa amekumbatia shuka mbili. Swali likasahaulika. Kengele akalijibu mwenyewe kimoyomoyo: jela.

Majuma yakaenda vizuri. Baba alianza kula kifungua kinywa na kupiga mluzi akioga. Kila aliporudi kutoka kituo cha tiba, Kengele alimzunguka kama nzi.

"Wenzako wamesema nini leo?"

"Ya kundini yanabaki kundini. Ninachoweza kukwambia ni kwamba chai ilikuwa na sukari nyingi."

"Basi niahidi kitu. Siku ya kufunga shule darasa letu litaimba. Uje utupigie tarumbeta."

Baba akakuna kichwa. "Mwanangu, tangu nianze kazi hii sijapiga mbele ya watu bila kutia kitu mdomoni."

"Si utatia tarumbeta?"

Baba akacheka hadi machozi yakamtoka. "Haya, meneja. Nimeahidi."

Lakini siku chache kabla ya siku ya familia, baba alirudi kutoka harusini akinukia peremende. Kengele aliijua harufu hiyo na iliyojificha chini yake. Hakumwambia mama. Asubuhi ya kwenda kituoni alichukua chupa tupu ya dawa ya kikohozi, akaiosha, akajifungia chooni. Alipotoka, chupa ilikuwa imejaa. Akaificha ndani ya sanduku la tarumbeta, ambalo baba alikwenda nalo kila mahali, apate kumpa kabla ya kipimo.

Kituo kilikuwa nyumba ya kawaida, yenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara. Mshauri, mzee mnene mwenye upara, alimkaribisha kila mtu kwa mikono miwili. Afisa alikuwepo, kofia yake mapajani.

"Leo tuanze kwa furaha," mshauri alisema. "Ndugu yetu, tupigie kidogo."

Kengele akaruka kitini. "Baba, usifungue! Limeharibika!"

Baba alikuwa ameshafungua sanduku. Akainua chupa, akaitazama kwenye mwanga. "Hii nini?"

"Juisi ya nanasi," Kengele alisema kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuifahamu.

Mshauri akaigusa. "Mbona ina joto?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Kengele akaangua kilio. "Ni yangu! Nilitaka wapime yangu, wasimfunge baba!"

Kicheko kikazimika. Baba aliiweka chupa chini taratibu, akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Kumbe ulijua," alisema. Kisha akawageukia wote. "Ndugu zangu, juzi nilikunywa. Niliogopa kupanda jukwaani mkavu, nikaonja, kuonja kukawa kunywa. Nikala peremende ili nidanganye nyumbani. Mtoto ameona, akabeba mzigo wangu."

Kengele alitazama mlango, akingoja askari. Aliyeinuka ni mshauri, akamletea baba glasi ya maji. "Ahsante kwa kusema. Hapo ndipo tiba inapoanzia."

Afisa akaja kuchuchumaa karibu na Kengele. "Siku ile mvua ilinikata kauli. Ningekwambia hivi: mtu akianguka akasema, tunamwongezea msaada. Nitaieleza mahakama ukweli, na pia kwamba amekiri mwenyewe. Atakuja hapa mara nyingi zaidi, na harusi ataziacha mpaka apone. Lakini kama hila yako ingefaulu, tungekuwa tunampigia makofi mtu anayezama. Na kuidanganya mahakama ndiko kungemrudisha kwa hakimu."

"Nilitaka kumsaidia," Kengele alisema.

"Najua. Unampenda. Kumpenda mgonjwa ni kumsemea ukweli kwa mtu anayeweza kumsaidia: mama yako, mimi, au mwalimu wako. Kumponya ni kazi yetu na yake. Yako wewe ni kusoma, kucheza na kupiga kelele."

"Hiyo ya mwisho anaiweza," baba alisema, na duara lote likacheka tena.

Asubuhi ya kufunga shule, baba akiwa anafunga vifungo vya shati lake jeupe, pikapu ya bendi ilipiga honi nje.

"Panda, fundi!" kiongozi wa bendi aliita. "Kuna harusi kubwa. Nafasi yako ya mbele nimempa kijana mmoja kwa muda tu, leo irudie. Ukikataa, itakuwa yake moja kwa moja."

Baba aliitazama pikapu, kisha akamtazama Kengele aliyesimama na sanduku mkononi.

"Mpe tu, kaka," alisema. "Leo nina shughuli shuleni."

Uwanja ulikuwa umejaa. Baba alisimama mbele ya darasa, midomo ikimtetemeka. Noti ya kwanza ilitoka kama bata aliyekanyagwa. Shule nzima ikavunjika mbavu, na Kengele akatamani ardhi ipasuke.

Baba alifuta mdomo wa tarumbeta kwa kitambaa. "Samahani," aliwaambia. "Huyo alikuwa bata. Sasa naja mimi."

Akavuta pumzi, akapiga. Katikati ya wimbo sauti ilikatika mara moja, jasho likamchuruzika hadi kwenye kola, lakini hakushusha tarumbeta. Kengele akafungua kinywa chake chote, akaimba mpaka jirani wa nyumba ya tatu akasikia, na baba akapiga naye hadi noti ya mwisho.