Jiwe Halianguki Kwenda Juu

Saa moja na dakika kumi asubuhi ya Jumatatu, mtunza stoo alifungua kufuli, Mama Msumeno akasukuma mlango wa stoo ya udongo akakuta rafu ya tatu imelala kifudifudi, na chini ya masanduku, mguu wenye buti alilolijua. Lilikuwa la mtoto wa dada yake, binti mtaalamu wa udongo pale pale kazini.

Alikuwa anapumua, lakini haitikii. Saa moja na nusu gari la wagonjwa likamchukua. Saa mbili kamili mpelelezi akafika na daftari lake, na ilipogonga saa mbili na robo alishamtia pingu mtunza stoo, mzee wanayemwita Makufuli.

"Afande, hebu mwache mzee wa watu," alisema Mama Msumeno.

"Mama, Ijumaa aligombana na binti yenu. Alimwambia, 'Masanduku haya yatakuua.' Si maneno yangu, ni ya dereva."

Dereva wa lori akainamisha kichwa. "Mimi nimesema alichosema. Sikusema alichomaanisha."

"Nilimwonya!" Makufuli akafoka. "Anapanga mazito juu, mepesi chini! Ukimwambia mtoto moto unaunguza, ndiyo umemchoma?"

"Na ufunguo wa hapa anao nani?"

"Funguo ni mbili. Wangu, na wa mhandisi."

Mhandisi mkuu alikuwa ameegemea ukuta, anatazama saa. "Wangu haujatoka kwenye droo tangu mwezi uliopita. Afande, maliza. Saa nne kuna kikao. Mabweni ya wanafunzi mia tatu yanasubiri saini, na mimi ndiye niliyeahidi."

Mama Msumeno alimtazama. Hasira ilikuwa imemjaa hadi kwenye kucha, lakini miaka kumi na tisa ya kukata udongo kwa msumeno ilikuwa imemfundisha kwamba ukikimbiza mkono, unaharibu. Akaanza kutembea kati ya vipande vilivyomwagika. Ni vipande virefu vya mviringo, mashine huvitoa ardhini vizima vizima, na pale kazini huitwa michi kwa jinsi vinavyofanana na mchi wa kutwangia. Kila mmoja una namba ya shimo na mshale wa kuonyesha juu, kwa wino mwekundu.

Masanduku yote ya rafu ile yalikuwa yamepasuka. Isipokuwa moja. Sanduku la shimo la pili, mita kumi na mbili hadi kumi na tano, lilikuwa mezani, limefungwa vizuri, likisubiri kwenda kupimwa. Shimo la pili lilichimbwa pale pale yatakapojengwa mabweni, chini ya mlima.

Akalifungua. Akapitisha kidole ubavuni mwa mchi. Palikuwa pamekwanguliwa, namba hakuna, mshale hakuna. Akauchukua msumeno wake, akaupasua katikati kwa urefu, akatazama. Kisha akacheka, kicheko kisicho na furaha hata tone.

"Afande, njoo uone."

"Mimi naona matope, mama."

"Tazama vizuri. Zamani, kabla mtu wa kwanza hajauliza njia, nchi hii ilifunikwa na barafu nene kuliko mlima. Ilikuwa inatembea. Inakwangua miamba, inabeba mawe, inasukuma vilima. Ilipoyeyuka ikaacha ziwa, na ziwa likalaza tope: majira ya joto tabaka jeupe, majira ya baridi tabaka jeusi. Mistari miwili, mwaka mmoja. Unaiona?"

"Naiona. Kama mkeka."

"Sasa vipande vya barafu vilikuwa vinaelea juu ya ziwa, vimebeba mawe tumboni. Kimoja kikiyeyuka, jiwe linadondoka mpaka chini, linabonyeza tope kama kichwa kinavyobonyeza mto. Jiwe hili hapa. Mistari iliyobonyea iko wapi?"

Mpelelezi akainama. "Iko juu ya jiwe."

"Jiwe halianguki kwenda juu, mwanangu. Mchi huu umewekwa kichwa chini miguu juu. Na tope la shimo la pili mimi nililishika Alhamisi, ni laini kama ugali wa mgonjwa. Hili ni kavu. Kuna mtu kalibadilisha, kakwangua namba isijulikane limetoka wapi, na kwa kukwangua kaufuta na mshale. Nipe dakika tano. Kisha mfunge umtakaye, hata mimi."

Akaokota sakafuni mchi mwingine uliopasuka, wenye jiwe ndani, upande wake wenye alama umebanduka, na sanduku tupu lililoandikwa 'juu' mwisho mmoja.

"Mzee, urudishe mahali pake."

Makufuli, na pingu zake mikononi, aliutupia jicho moja tu, akaugeuza, akaulaza. Jiwe juu, mbonyeo chini.

"Dereva."

"Mimi ni wa lori tu," alisema, lakini naye akaulaza hivyo hivyo. "Miaka minane nasikia makelele yenu njia nzima. Ningekuwa kiziwi nisingejua."

"Mheshimiwa."

"Mchezo wa watoto huu." Mhandisi aliunyakua mchi, akautia sandukuni bila kutazama. Mbonyeo juu. Alikuwa mtu wa zege. Kwake tope lilikuwa kitu cha kuondoa njiani.

Wote wakamgeukia. Mhandisi akaona macho, jasho likamtoka. "Kwa hiyo? Nimekosea kuulaza, ndiyo nimemuumiza mtu? Udongo ni udongo! Huo wa shimo la tano una kosa gani? Ni mgumu, unabeba nyumba!"

"Nani ametaja shimo la tano?" aliuliza mpelelezi polepole.

Mhandisi akautupia jicho mlango.

"Sema!" Mama Msumeno alipiga meza hadi msumeno ukaruka. "Ulikuja saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi hii," alisema, sauti imekauka. "Mwaka jana niliwaambia wote mlima ule ni imara. Niliweka jina langu. Halafu msichana wa juzi anakuja na tope lake kunifanya mjinga! Sikujua angewahi. Alinikuta nalo mkononi, akanivuta, nikamsukuma. Rafu ikamwangukia. Nilidhani amekufa."

"Ukadhani amekufa, ukafunga boksi vizuri, ukafunga na mlango." Mama Msumeno alimsogelea. "Hata kumgusa shingo hukumgusa. Mia tatu ungewalaza chini ya mlima unaoteleza, ili usiitwe mjinga!"

Pingu zikahama mikono. Mchi wa kweli ulikutwa kwenye buti ya gari lake, umeviringishwa kwenye koti la mvua.

Saa nne na dakika nne Mama Msumeno aliingia kwenye kikao bila kubisha, koti limejaa tope, mpelelezi nyuma yake. Akausukuma mchi katikati ya meza, juu ya karatasi za mabweni.

"Mwenyekiti, weka kidole."

"Mama, hapa ni kikao cha—"

"Weka kidole."

Mwenyekiti akaweka. Kikazama taratibu hadi kwenye fundo la pili, na maji yakachuruzika juu ya karatasi.

"Haya," alisema Mama Msumeno, akamsogezea kalamu. "Tia saini."

Hakuna aliyeigusa. Akavuta kiti, akakaa, akaomba simu ya kupiga hospitali.