Kona ya Tatu

Kila siku saa saba na nusu mchana Chiku alirudi kutoka shule, akavua viatu barazani, akala wali aliofunikiwa na mama yake, kisha akaichukua fimbo yake ya kupimia. Ilikuwa fimbo nyeupe iliyochorwa sentimita, na alipewa na wanafunzi wa chuo kikuu wanaosomea usanifu wa majengo. Wanafunzi hao walikuja kwao, Kariakoo, upande wa Msimbazi, kuwasaidia wapangaji wa nyumba yao kubuni jiko moja la pamoja uani. Kila mama alikuwa akipikia mlangoni pake, na moshi ukiingia vyumbani mwa wote.

Kabla ya kuchora, wanafunzi walitaka kujua maji ya masika yanatuama wapi. Mchana watu wazima wote huwa sokoni au kwenye biashara zao, kwa hiyo walimtafuta mtoto wa kupima kona tatu za ua kila siku saa nane na kuandika kwenye fomu. Chiku alichaguliwa kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Basi alitembea mabega juu wiki nzima, hata salamu ya Huda, rafiki yake wa chumba cha jirani, akawa anaiitikia kwa kidevu.

Kona ya kwanza ilikuwa penye bomba la maji, ya pili chini ya kamba za kuanikia nguo. Hizo hazikuwa na taabu. Ya tatu ilikuwa nyuma ya stoo, mahali pa giza na harufu, ambapo hakuna mtu aliyekuwa na shughuli napo. Siku ya kwanza Chiku alikwenda, na panya akampitia juu ya mguu. Siku ya pili alisimama mbali, akanyoosha shingo, akaandika sifuri. Siku ya tatu hata shingo hakuinyoosha. Zilipotimia siku kumi na nne, sifuri zilikuwa zimejipanga kama vitumbua kwenye sinia. Dada Jacqueline, mwanafunzi aliyemkabidhi fimbo, alipokea fomu akasema, "Kazi safi sana, Chiku!"

Jumatano wanafunzi walileta mfano wa nyumba yao uliotengenezwa kwa karatasi ngumu, pamoja na mwalimu wao, Mwalimu Abdulmajid, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Kila mpangaji alipewa kasha la kiberiti aliweke pale anapotaka jiko lijengwe.

"Nyumba mnaishi ninyi," alisema mwalimu. "Sisi tunachora tu."

Bi Sophia, muuza vitumbua, alilizungusha kasha lake mkononi huku akikohoa. Moshi ulikuwa umemharibu kifua kwa miaka. "Hapa nyuma ya stoo pana nafasi," alisema. "Lakini maji je?"

Jacqueline akatazama fomu. "Siku kumi na nne, Bi Sophia, hakuna hata sentimita moja."

Bi Sophia akaweka kasha lake pale. Wengine wakafuata. Wakakubaliana kwamba Jumamosi fundi atabomoa banda la zamani ambamo Bi Sophia alipikia mlangoni pake, na mabati yake yatumike kwenye jiko jipya. Watu wakapiga makofi. Chiku naye alipiga, lakini macho yake hayakuondoka kwenye kasha la Bi Sophia.

Alhamisi mvua ikanyesha. Chiku alichukua fimbo akaenda nyuma ya stoo ili aitulize roho yake. Laiti asingekwenda! Kutoka kwenye paa la ghorofa jipya la jirani, bomba pana lilikuwa likimwaga maji yote kwenye kona ile, na mtaro nao ukatapika uchafu wake humo humo. Alichovya fimbo: sentimita thelathini na nane. Maji yalimfika magotini. Baada ya saa moja yakaondoka, yakabaki matope tu, na watu wazima waliporudi hawakuona lolote.

Chiku alimweleza Huda kila kitu.

"Wewe funika kombe mwanaharamu apite," Huda alisema. "Nani anajua? Ukisema, utaitwa mwongo mtaa mzima."

"Na maji yakiingia jikoni?"

"Hiyo kesi ya wasomi, siyo yako."

Chiku alijaribu kuamini hivyo, lakini alishindwa. Ijumaa alimkuta Bi Sophia anatoa vyombo bandani, masufuria na karai la kukaangia, huku akiimba kwa sauti yake iliyokauka. "Njoo, mpimaji wetu," alisema, akampa kitumbua cha moto. Chiku alikishika mpaka kikapoa. Aliogopa aibu, na aliogopa zaidi mama huyu asije akapika katikati ya maji ya mtaro kwa sababu ya uvivu wake.

Jumamosi asubuhi fundi alikuja na sururu. Wapangaji wote walikuwa uani, wanafunzi wameshika michoro. Pigo la kwanza likaangusha upande mmoja wa banda. Fundi alipoinua sururu tena, Chiku akapiga kelele:

"Msibomoe! Zile namba ni za uongo!"

Fundi akashusha sururu. Chiku akaeleza huku akilia, kuhusu panya, kuhusu sifuri, kuhusu maji ya Alhamisi. Hakumtaja Huda.

Mwalimu Abdulmajid alikwenda nyuma ya stoo, akainama, akatazama alama ya tope ukutani. Aliporudi suruali yake ilikuwa imechafuka. "Maji yanafika goti," alisema.

Bi Sophia alikaa juu ya ndoo. "Mtoto wewe! Ningepika humo, nikauzia watu vitumbua, wakaugua kipindupindu. Mimi nilikuamini."

Maneno hayo yalimuuma Chiku kuliko kiboko.

"Maonyesho chuoni ni Jumatatu," Jacqueline alisema, machozi yakimlenga. "Tumechora tangu Jumatano, hatukulala."

Mwalimu akamgeukia. "Fomu ilikuwa na sifuri mfululizo, na masika haya. Nani kati yenu alikwenda nyuma ya stoo kuangalia?"

Wanafunzi wakatazama viatu vyao.

"Basi mtoto amekosa, na sisi tumekosa zaidi yake. Tunaanza upya."

Wanafunzi walikwenda kwenye maonyesho na mchoro usiokamilika, wakaeleza sababu mbele ya watu. Bi Sophia alipikia chini ya turubai kwa zaidi ya wiki mbili, na siku tatu za mwanzo hakumwitikia Chiku shikamoo yake. Chiku alipewa tena fimbo. Safari hii alivaa mabuti ya Jacqueline, yaliyomzidi miguu, akaingia nyuma ya stoo kila saa nane, panya wakiwepo au wasiwepo. Siku ya nne Bi Sophia alirudi mapema kutoka sokoni, akaitikia, "Marahaba," kisha akamshikia taa kule gizani.

Wiki mbili zilipokwisha, Mwalimu Abdulmajid aliisoma fomu mpya mbele ya wote. Ikaonekana wazi kwamba jiko lijengwe kona ya pili, kwa msingi ulioinuliwa, na mwenye ghorofa aombwe aligeuze bomba lake. Mwenye ghorofa alikubali baada ya kuonyeshwa namba. Mwezi uliofuata mvua kubwa ilinyesha, na Bi Sophia alikaanga vitumbua pakavu, moshi ukipanda juu kupitia dohani.

Lakini siku ile ya kusoma fomu, mwalimu alisimama kwenye mstari wa siku ya tisa. Hapakuwa na namba. Chiku alikuwa ameandika: "Leo sikupima. Niliumwa homa."

Chiku aliinamisha kichwa akidhani atagombezwa tena.

"Wanafunzi wangu, njooni muone," mwalimu alisema, akaweka kidole pale. "Asiyepima akaandika kwamba hakupima, ametufanyia kazi. Asiyepima akaandika namba, ametubomolea nyumba kabla hatujaijenga. Kwa sababu ya mstari huu mmoja, Chiku, ile mingine kumi na mitatu yote nimeiamini."