Zimwi na Bawabu Mpya

Jumamosi, Soko Kuu la Cardiff limefurika. Heledd alinyoosha mkono kuchukua pakiti ya mwisho ya vikeki vya zabibu, mkono mwingine ukamtangulia. Akageuka na maneno yake tayari mdomoni, akakuta kijana mrefu, sweta jekundu limefumuka kiwikoni, nyuma ya sikio rangi ya kijani.

"Kaka, umeota ukungu."

"Ni kazi hiyo, dada. Mimi ni zimwi."

"Wenzako husubiri ndoa ndipo tujue. Wewe unatangaza mapema."

Wakagawana vikeki. Kijana huyo, Idwal, ndiye aliyevaa ngozi ya zimwi katika *Bawabu wa Nyota*, mchezo wa televisheni uliolea mji mzima. Kufikia kiangazi walikuwa chanda na pete.

Ndipo Heledd, mwigizaji wa majukwaa madogo, alipoitwa kimyakimya, akajaribiwa, akapewa nafasi ya Bawabu mwenyewe, shujaa wa mchezo ule. Akaapishwa asimwambie hata mama yake mpaka siku ya kwanza ya kurekodi. Jioni hiyo baa nzima ilikuwa umbea mtupu: mzee Emrys, Bawabu wa miaka yote, anaondoka, nani atamrithi?

"Mzee Emrys ndiye aliyenilea kazini," Idwal alisema. "Huyo watakayemleta, mpenzi, simpi hata salamu."

Heledd akasukuma chipsi zake kando. Akachukua koti lake, akaaga. Tangu hapo Idwal akipiga, simu ya Heledd ikawa inaita tu. Siku alipopokea, Idwal hakuzunguka.

"Una mwingine?"

"Sina."

"Basi linalokusibu ni nini?"

"Siwezi kusema, mpenzi."

"Haya. Nimesikia." Akakata.

Siku ya kwanza studio ilijaa hadi wapishi, kamera zimewashwa. Mila ya pale, Bawabu anayeondoka humfunga mrithi wake vifungo vya koti la manjano. Idwal, kichwa cha mpira kimemfunika, alichungulia kwenye matundu ya macho akamwona mzee Emrys akifunga kifungo cha juu, shingoni mwa Heledd.

Zimwi likakalia mkia wake, pu.

"Huyo mwingine uliyemuulizia ndiye huyu," Heledd alisema akishika ukosi wa koti. Machozi yalikuwa karibu. "Hunipi hata salamu?"

Sauti ikatoka ndani ya mpira, nzito, imejaa aibu.

"Salamu nilishakula yamini sitoi. Nikikupa posa, je?"

"Kata," mwongozaji alisema.

"Hebu usikate, bwana," mzee Emrys alimzuia. "Mwache binti ajibu."

Heledd akapiga magoti kando ya mkia, anacheka na kulia.

"Vua kichwa kwanza, nijue namkubali nani."